Dona Adenilza Hasemi Inauma

Ukimuuliza Dona Adenilza hali, hata kama nyumba yake inaungua nyuma ya mgongo wake, atakujibu neno moja tu: "Mshindi!" Na atalisema kwa ile sauti ya kuitia wateja, meno yote nje. Ndivyo walivyofundishwa kanisani kwao, Kanisa la Moto wa Ushindi, huko Salvador: mlokole haukiri ugonjwa kwa kinywa chake. Ukisema unaumwa, umeukaribisha ugonjwa ndani na kuupa ufunguo wa nyumba. Basi Ijumaa ile asubuhi alipoingia hospitali kwa miguu yake, kainama kidogo, mkono umeshika ubavu wa kulia, nesi akamuuliza, "Vipi, mama?" Naye akajibu, "Mshindi, mwanangu, kwa jina la Yesu!"

Sasa niambie wewe, mshindi anakuja kufanya nini hospitali?

Nesi yule, Jucineide, hakujiuliza. Alikuwa na foleni inayofika barabarani, na mama mwenyewe alikuwa tayari anamtania mlinzi kwamba suruali yake imenunuliwa kwa imani, maana bado hajaijaza. Watu wakacheka. Jucineide akamuuliza maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Sifuri, kwa imani."

Na bila imani je? Hakuna aliyeuliza. Akafungwa utepe wa kijani mkononi, ule wa watu wasio na haraka, akalazwa kitanda cha dirishani, akaambiwa asubiri daktari.

Mimi nawaambieni mapema, kwa sababu sipendi mtu acheke halafu aje kunilaumu: ndani ya tumbo la mama yule kifuko cha nyongo kilikuwa kimejaa mawe, kimevimba, kimeanza kuoza. Kikipasuka, uchafu wote unamwagika tumboni, na hapo watu wanaanza kutafuta nguo za msiba. Alikuwa anaumwa tangu Jumapili. Wiki nzima alikaanga na kuuza huku jasho la baridi linamtoka, akiwaambia wateja ni joto la mafuta. Alichokitaka siku ile kilikuwa kimoja: mtu amtazame usoni aone mwenyewe, ili yeye asilazimike kusema.

Lakini watu walimtazama nguo.

Dona Adenilza anauza akarajé, bagia za kunde zinazokaangwa kwa mawese na kujazwa kamba na pilipili. Mji mzima unajua kwamba hicho ni chakula cha Iansã, yule orisha, mungu wa mababu, wa upepo na radi, na kwamba wauzaji wake wengi ni watu wa dini ya mababu waliovushwa bahari kwa minyororo. Naye Adenilza alizaliwa humo humo. Alipookoka, alitupa shanga zote za orisha, akabandika kibao juu ya meza yake: BAGIA ZA YESU. Kunde zile zile, mawese yale yale. Sketi pana nyeupe yenye lesi na kilemba hakuviacha, kwa sababu wateja hawanunui akarajé kwa mtu aliyevaa fulana. Na Ijumaa ile alikuwa ametoka moja kwa moja mezani pake, kilemba kichwani, ananukia mawese kutoka mlangoni mpaka dirishani.

Akaja Daktari Zanetti. Kijana wa kutoka kusini kabisa mwa nchi, mjukuu wa Waitaliano, mweupe ambaye jua la Salvador lilikuwa limemfanya mwekundu puani tangu siku ya kwanza na halijamsamehe. Moyo mzuri anao, namtendea haki. Mwezi huo huo alikuwa amehudhuria semina kuhusu namna ya kuwahudumia watu weusi kwa heshima, akarudi na kitambulisho cha semina bado kimening'inia shingoni. Alipomwona mama wa kilemba kitandani, uso ukamng'aa. Alikuwa amempata mgonjwa wa semina yake.

"Shikamoo, mama," akasema, na akainama. "Naomba baraka zako."

"Marahaba, mwanangu. Baraka naziomba mimi. Wewe ndiye daktari."

"Bila kukuvunjia heshima, mama. Nimefundishwa kila kichwa kina orisha wake. Kichwa chako ni cha orisha gani?"

"Kichwa changu?" Adenilza alifumba jicho moja, ubavu umemchoma. "Kichwa changu ni cha Adenilza. Nimekilipia kilemba mwenyewe."

"Hapa uko salama. Tunaheshimu imani zote."

"Basi heshimu ya kwangu! Mimi nimeokoka. Nimebatizwa kwa maji mengi, na mchungaji Gildásio ni shahidi, nusura anizamishe."

Daktari akatikisa kichwa polepole, kwa huruma. Semina ilikuwa imemfundisha kwamba watu wa dini ile wameonewa miaka na miaka, wamevunjiwa nyumba za ibada, na wengi wao huficha. Jambo la kweli hilo, wala halina mzaha. Ubaya wake ni kwamba kila Adenilza alivyozidi kukana, ndivyo kijana alivyozidi kumwonea uchungu.

"Naelewa," akanong'ona. "Naelewa kabisa."

"Umeelewa nini wewe?"

Akaenda kutoa amri. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, siku ambayo watu wa orisha huvaa nyeupe, mashuka ya kijani ya kitanda cha dirishani yakaondolewa, yakatandikwa meupe. Pazia jeupe likatafutwa mpaka wodi ya watoto. Nesi na wahudumu wakaambiwa mtu asimguse mama kichwani, hata kwa bahati mbaya. Na mwisho, ili mgonjwa atulie, daktari mwenyewe akaweka simu yake kando ya mto, ikilia ngoma za taratibu.

Adenilza alikuwa amefumba macho. Alipozisikia zile ngoma aliruka, na kuruka kule kulimkata tumbo hadi akaona giza.

"Zima! Zima hiyo, inawaita orisha! Damu ya Yesu! Damu ya Yesu juu ya mto huu!"

"Mama, ni ngoma za mababu zako..."

"Mababu zangu nawajua, na hawakukutuma! Haki ya nani, nimekuja hospitali nimekuta watu wananiagua! Sasa sikiliza, kijana. Hakuna mtu atakayenigusa tumbo langu mpaka aniambie anamwabudu nani. Mimi narudi mezani kwangu."

Akaweka mguu mmoja chini. Hakuweka wa pili. Akabaki ameketi ukingoni, akitabasamu, midomo imemkauka, kana kwamba amekaa hivyo kwa kupenda.

Zanetti alichanganyikiwa, masikini. Kila alichofundishwa alikuwa amekifanya, na mgonjwa anakimbia. Akamvuta Jucineide pembeni, akamuuliza kama mama huyu hana kiongozi wake wa kiroho anayeweza kuitwa.

"Kiongozi sijui," alisema Jucineide. "Ana dada yake wa tumbo moja, Railda. Anakaanga hapo hapo nje ya geti letu. Yule ana shanga mpaka kiunoni. Lakini hawasemezani, daktari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Yesu na bagia."

"Mwite."

Railda alimwachia jirani karai la mafuta, akaja. Na ilivyokuwa Ijumaa, alikuwa amevaa nyeupe kutoka kilemba mpaka ndala, mkubwa, mwenye kujaza mlango. Adenilza alikuwa amerudi kulala, homa imempanda. Alifumbua macho akaona pazia jeupe, shuka jeupe, mwanga wa dirishani, na katikati ya weupe wote huo dada yake anamjia.

"Basi nimekufa," akasema kwa unyonge. "Na kumbe mbinguni anayepokea watu ni Railda. Jamani, mchungaji alitudanganya."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Hata Zanetti alicheka. Railda peke yake hakucheka.

"Hujafa," akasema. "Ungekufa, ningeitwa kuja kukuvisha sanda."

"Umekuja kunitia shanga?"

"Nimekuja kukuona, mpumbavu wewe. Nasikia unawafukuza madaktari."

"Nawafukuza waganga. Dada, tangu lini wewe unanitembelea? Siku nilipoweka kibao ulisimama katikati ya uwanja, mbele ya wateja wangu, ukauliza Yesu alikaanga lini."

"Na hujanijibu mpaka leo."

"Alikaanga samaki ufukweni baada ya kufufuka. Yohana kaandika."

"Alichoma, Nilza. Juu ya makaa. Kuchoma si kukaanga, na mtoto wa mama yetu anajua tofauti."

Kicheko kingine. Adenilza akaendelea, sasa alikuwa amepata wateja: akamwigiza daktari anavyoinama, akamwigiza mlinzi anavyopandisha suruali, akamwigiza mchungaji Gildásio anayembatiza mtu mzito kuliko yeye. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Jucineide alijifuta machozi, akasema huyu mama angelipwa, loo, angelipwa kuja hapa kila siku.

Railda alikuwa amekaa kando ya kitanda. Kila kichekesho kilivyokuja, uso wake ulizidi kukunjamana. Kisha akauchukua mkono wa mdogo wake, akaugusa upande wa ndani, akauona jinsi ulivyokuwa wa moto, akasimama.

"Daktari. Huyu anakufa."

"Hapana, mama, hali yake si mbaya. Yeye mwenyewe amesema maumivu ni sifuri. Na unaona anavyocheka."

"Ndicho ninachokiona. Sikiliza. Huyu alipokuwa mtoto alijimwagia mawese ya moto mguuni. Njia nzima kwenda kwa daktari alituchekesha. Alimwigiza padri, akamwigiza mbuzi wa jirani, mama yetu alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Tulipofika wakamvua soksi, na ngozi ikaja pamoja na soksi. Huyu akinuna, jua ni mzima. Akinitukana, mzima kabisa. Akianza kuchekesha watu wote hivi, mimi naanza kuogopa."

"Wanawake wetu ni wagumu, Railda," alisema Jucineide, kwa nia njema tu, huku akinyoosha shuka. "Wewe mwenyewe unajua. Sisi tunavumilia."

Railda akamgeukia. "Na wewe ulipojifungua ulivumilia?"

Jucineide aliendelea kunyoosha shuka lililokuwa limenyooka.

"Nilipiga kelele," akasema hatimaye. "Nilipiga kelele sana. Wakasema wanawake weusi nyonga zetu zinafunguka zenyewe, wakaenda kunywa kahawa."

Jucineide mwenyewe alishangaa kusikia alichokisema, maana alikuwa hajawahi kumwambia mtu pale kazini, na miaka yote hiyo alikuwa akiwafunga wenzake utepe wa kijani. Machozi yalimlenga akayarudisha.

Daktari Zanetti alikuwa mwekundu sasa si puani tu.

"Hilo lilikuwa la mchana," akasema.

"Lipi?" aliuliza Railda.

"Kwenye semina. Asubuhi walifundisha dini na vyakula. Mchana walifundisha maumivu. Kwamba mtu mweusi akisema inauma tunamwamini nusu, na mwanamke tunamwamini nusu ya nusu hiyo, na akiwa mchuuzi, mnene, wa makamo..." Akakishika kile kitambulisho shingoni. "Ilikuwa kwenye ratiba. Mchana mimi sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kula akarajé."

"Kwa nani?" aliuliza Railda kwa ukali.

"Zilikuwa nzuri?" iliuliza sauti ya Adenilza kutoka kitandani, dhaifu.

Daktari alivuta kiti, akakaa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu asubuhi, na akazima simu yake kabisa. "Dona Adenilza," akasema, "sitakuuliza tena habari za kichwa chako. Tumbo lako linafanya nini?"

Adenilza akatazama dari. Hapa mzaha ulimwishia. Alitaka kusema, Mungu ndiye anajua jinsi alivyotaka. Lakini aliona kwamba neno hilo likitoka limetoka, ushindi wote wa miaka ile unavunjika, na wale dada wa kanisani watasema imani yake ilikuwa ya mezani tu. Na ndani zaidi ya hapo kulikuwa na kitu cha zamani kuliko kanisa: alikuwa hajawahi kulia mbele ya watu maisha yake yote, kwa sababu mwanamke anayelia mezani hauzi.

"Siwezi kulikiri," alimnong'oneza dada yake. "Nikilisema, litashika."

Mimi nilidhani Railda angemcheka. Angekuwa na haki, baada ya kibao kile. Badala yake aliinama, shanga zake zikamwangukia mgonjwa kifuani, na Adenilza hakuzisukuma.

"Nilza. Huyo Yesu wako, walipompigilia misumari, alisema yeye ni mshindi?"

Adenilza aligeuzia uso dirishani.

"Mimi si wa kanisa, lakini mama yetu alitupeleka sote wawili, na hilo nalikumbuka. Alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia, na wanasoma mpaka leo jinsi alivyolia. Sasa wewe ni nani, muuza bagia, ujikaze kisabuni kumshinda yeye?"

Kidevu cha Adenilza kikaanza kutetemeka. Alijaribu kukizuia, hakikuzuilika.

"Inauma," akasema.

"Sijasikia," alisema Railda. "Nina mafuta masikioni."

"INAUMA! Inauma, dada, inauma tangu Jumapili, inanikata mpaka mgongoni, siwezi kulala, siwezi kukaa, natapika nyuma ya meza wateja wasinione! Inaumaaa!"

Ile sauti yake ya kuitia wateja, inayofika ng'ambo ya uwanja, ilitoka yote. Mlinzi alikuja mbio, kashika suruali. Zanetti alikuwa ameshaweka mkono chini ya mbavu za kulia, akabonyeza mara moja tu, na ukelele uliofuata ulimfanya autoe kama aliyegusa karai la mawese. Jucineide hakusubiri kuambiwa. Alikata ule utepe wa kijani kwa mkasi, akafunga mwekundu, akatundika dawa ya maumivu, ile yenyewe, ya kutosha.

Kipimo kikaonyesha nyongo. Kitanda kikasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, Railda akikimbia pembeni na ndala zake. Mlangoni walisimamishwa.

"Usinifunge kitu," alisema Adenilza, ulimi umeanza kuwa mzito.

"Sikufungi kitu. Naomba tu, kwa njia yangu."

"Na mimi naomba kwa yangu."

"Omba. Atakayewahi kufika, na awahi."

"Railda?"

"Nini?"

"Usiondoke."

"Naenda wapi mimi, mafuta yenyewe yameshaungua."

Mama aliyempasua, daktari mwenye mvi na asiye na maneno mengi, alimpitia kesho yake akamwambia kifuko kilikuwa tayari kimeanza kutoboka. "Ungekaa kwa adabu mpaka jioni," akasema, "leo ningekuwa naongea na dada yako peke yake." Adenilza hakufanya mzaha wowote. Aliomba apewe maji, na alipoulizwa kama anaumia alisema ndiyo, hapa na hapa, na wakamwongeza dawa. Ilikuwa rahisi hivyo. Alikaa na jambo hilo muda mrefu, akimtazama Railda amesinzia kwenye kiti na shanga zimemkaa mdomoni, na akahisi hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Jumatatu wakamletea jirani mpya kitanda cha pili. Msichana anaitwa Tainara, msusi, mweusi, mnene, jina la mpenzi wake wa kike limechorwa mkononi kwa herufi kubwa. Alikuwa na mdomo huyo! Kabla hajakaa sawasawa alishamwambia mhudumu kwamba nywele zake zinahitaji maombi, akamwuliza Railda shanga hizo zote ni za dini au ni za kufungia mbuzi, akasimulia juu ya mteja aliyelala usingizi akisukwa mpaka akaota ndoto na kuomba arudishiwe pesa. Mhudumu alicheka hadi akaegemea ukuta. "Huyu hana neno," alisema akitoka. "Tangu afike anatuvunja mbavu." Utepe wake ulikuwa wa kijani.

Adenilza naye alicheka, mshono ukamvuta, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka.

"Jucineide!" akaita.

"Nini tena, Dona?"

"Mtazame huyo msichana."

"Tainara? Huyo ni mzima. Anacheka tu."

"Ndiyo," alisema Adenilza.

Jucineide alisimama na trei yake mkononi. Halafu akaiweka chini, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda cha msichana yule.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Inakuuma wapi?"

Tainara alifungua kinywa atoe kichekesho kingine. Hakikutoka, na akaanza kulia.